Mimba na Mtoto Mchanga Ukiwa London: Mambo Ninayoulizwa Kila Siku

Leo tukae kitako tuzungumze habari za ujauzito na kumlisha mtoto mchanga, maana nikikutana na dada zetu, iwe wodini au kwenye harusi, lazima niulizwe. Mimi ni nesi. Nilisomea Tanga, nikafanya kazi wodi ya wazazi miaka minne, kisha nikaja huku nikakaa darasani upya. Kwa hiyo nikikwambia kwetu tunafanya hivi na huku wanafanya vile, pande zote mbili nimezishika kwa mikono yangu.

Nianze na lile linaloniuma zaidi, nalo ni KUCHELEWA.

Dada mmoja aliletwa kwetu mimba ikiwa na wiki 29. Hajawahi kuonana na mkunga hata siku moja. Kichwa kinamuuma siku tatu, uso umevimba, anaona vimulimuli machoni. Presha tulipoipima ilikuwa 168 kwa 110. Nilipomsalimia kwa Kiswahili alianza kulia. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, ulikuwa wapi siku zote hizi?" Akasema wenzake aliokuwa akiishi nao walimwambia asiye na makaratasi akikanyaga hospitali anakamatwa, na bili inayokuja hawezi kuimaliza mpaka anakufa. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, akakaa wiki nyingi kwenye chumba cha joto. Wote wawili wapo hai, tunamshukuru Mungu, lakini ilikuwa padogo sana.

Basi tuwekane sawa. Kujiandikisha kwa GP ni bure kwa kila mtu aliyepo Uingereza. Hawaruhusiwi kukukatalia eti kwa sababu huna pasipoti, huna viza au huna barua yenye anwani. Mapokezi wakikusumbua, omba kuongea na meneja wa kliniki. Na kwa mkunga huhitaji hata kupitia GP. Hospitali nyingi zina fomu kwenye tovuti yao, unajaza mwenyewe na wao wanakupigia. Miadi ya kwanza inatakiwa ifanyike kabla mimba haijatimiza wiki 10. Ndiyo, najua kwetu mtu anaficha mimba mpaka ionekane, wanaogopa jicho. Ficha kwa majirani, usimfiche mkunga!

Kuhusu bili sitakudanganya. Yapo makundi ambayo hospitali inaweza kuyatoza, hasa waliokuja kwa viza ya matembezi au waliobaki bila viza. Lakini kanuni za NHS zinasema huduma ya uzazi ni ya lazima wakati wote, haruhusiwi mtu yeyote kuikataa au kuichelewesha kwa kuwa mama hana fedha. Unatibiwa kwanza, habari ya pesa baadaye, na unaweza kupanga kulipa kidogo kidogo. Panga kweli, usiitupe barua kabatini, maana deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili bila mpango wowote linaweza kupelekwa Home Office. Maternity Action ni shirika linalotoa ushauri wa mambo haya bila malipo, nao Doctors of the World wana kliniki yao Mashariki mwa London kwa ajili ya watu walioshindwa kupata daktari. Waone mapema, kabla barua hazijawa nyingi.

Jambo jingine, una haki ya mkalimani bila kulipa. Usimtumie mumeo, na kabisa usimtumie mtoto wako wa miaka kumi. Kuna maswali mkunga anapaswa kukuuliza faragha, kwa mfano kama nyumbani unapigwa, au kama ulitahiriwa utotoni. Ukitahiriwa sema mapema, usione haya. Kuna wakunga waliosomea jambo hilo, na ni bora wapange nawe kabla ya siku ya uchungu kuliko kushtukizwa usiku wa manane.

Kwenye miadi ya kwanza watachukua damu nyingi, usishangae. Wanapima kundi la damu, wingi wa damu, Ukimwi, kaswende, homa ya ini aina ya B, na selimundu ambayo wengi tunaiita siko seli. Hili la selimundu linatuhusu sana sisi. Ukionekana una chembe zake, watamwita na baba apimwe, maana mtoto anaugua akirithi kutoka pande zote mbili. Akina baba, shemeji zangu, mkiitwa nendeni. Ni kijiko kimoja tu cha damu. Kuna skeni kati ya wiki ya 11 na 14, na nyingine kati ya wiki ya 18 na 21. Ile ya pili haikuwekwa kwa ajili ya kujua ni wa kike au wa kiume, ingawa wengi huendea hilo. Wanatazama moyo, uti wa mgongo, figo na kadhalika.

Kidogo kuhusu hesabu. Kule nyumbani wingi wa damu tunaandika 11, huku wanaandika 110. Ni kitu kilekile. Mama mmoja alinipigia simu kwa furaha kwamba damu yake imepanda mpaka 92, kumbe ni 9.2, yaani ilikuwa imeshuka!

Hapo ndipo chakula kinapoingia. Damu inahitaji madini ya chuma, na vyakula vyetu vinayo: nyama nyekundu iliyoiva vizuri, dagaa, maharage, kunde, dengu, mchicha, kisamvu. Mchicha na bamia utapata Ridley Road kule Dalston au Queen's Market pale Upton Park, huna sababu ya kuishi kwa chipsi na kuku wa dukani. Tatizo letu kubwa ni chai. Tunakunywa chai na kila mlo, na chai inazuia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye maharage na mboga. Iache saa nzima baada ya kula. Mahali pake weka chungwa, pilipili hoho au nyanya mbichi, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Vidonge vya kuongeza damu navyo usivimeze kwa chai ya maziwa. Vikikufungia choo au choo kikawa cheusi ni kawaida, usiviache kimyakimya, mwambie mkunga akubadilishie. Kahawa na chai kwa jumla visizidi miligramu 200 za kafeini kwa siku. Kikombe kikubwa cha chai kina kama 75, cha kahawa ya unga kama 100. Piga hesabu mwenyewe, na soda ya kola nayo uihesabu.

Sasa UDONGO. Nimeona mifuko yake kwa macho yangu, imefungwa vizuri na inauzwa kwa bei ya kushangaza. Mwenye mimba akitamani, anatafuna kama karanga. Sikucheki, mimi mwenyewe mimba ya kwanza nilitafuna, harufu ya udongo uliolowa mvua ilikuwa haiishi puani. Lakini Food Standards Agency, idara inayosimamia usalama wa chakula nchini hapa, imewaonya wajawazito wasile udongo huu, kwa sababu ulipopimwa ulikutwa na madini ya risasi na aseniki. Risasi inapita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto, na inaharibu ubongo unaojengwa. Halafu mara nyingi hamu yenyewe inakuja pamoja na upungufu wa damu, na ukila udongo chuma kinazidi kushindwa kuingia mwilini. Ni duara hilo. Kwa hiyo ukijiona unatamani udongo, mkaa, barafu au mchele mbichi, mwambie mkunga akupime damu. Wengi damu ikipanda hamu inapungua yenyewe. Na dada yule anayekuuzia usimchukie, mwonyeshe na yeye.

Watu wa pwani mtanisamehe kwa hili linalofuata. Mjamzito huku anaambiwa ASILE PAPA kabisa, awe mbichi au yule mkavu tunayetumiwa kutoka Unguja, kwa sababu samaki wakubwa wa namna ile wanakusanya zebaki mwilini. Jodari asizidi vipande viwili vya mchuzi kwa wiki, au makopo manne. Samaki wenye mafuta kama dagaa na salmoni ni wazuri, mara mbili kwa wiki zinatosha. Maini pia acha mpaka ujifungue, na mafuta ya ini la samaki, yana vitamini A nyingi kupita kiasi kwa mtoto aliyeko tumboni. Najua kule kliniki tuliambiwa "kula maini uongeze damu", na mimi nimewaambia wengi hivyohivyo! Huku ushauri ni tofauti. Mtindi wa dukani na mayai yenye muhuri wa simba ni salama. Maziwa mabichi ambayo hayajachemshwa, hapana.

Vidonge viwili ni muhimu. Foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, anza hata kabla ya kushika mimba, endelea mpaka wiki ya 12. Mwenye kisukari, selimundu, dawa za kifafa au uzito mkubwa anahitaji kipimo kikubwa cha miligramu 5, na hicho anaandika daktari. Cha pili ni vitamini D mikrogramu 10 kwa siku, mimba nzima na wakati wa kunyonyesha. Ngozi zetu nyeusi zilizoea jua la kwetu. Hapa jua lenyewe la kuhesabu, na sisi tunajifunika. Hiki ukiweza meza mwaka mzima hata mimba ikiisha.

Mwenye kipato kidogo anayepokea baadhi ya misaada ya serikali aombe kadi ya Healthy Start kuanzia wiki ya 10 ya mimba. Zamani zilikuwa vocha za karatasi, tangu 2022 ni kadi tu. Unanunulia maziwa, matunda, mboga na jamii ya kunde, na vitamini unapewa bure. Pia mkunga akujazie ile hati ya kusamehewa malipo ya dawa. Dawa na meno ni bure kwa NHS mpaka mwaka mmoja baada ya kujifungua.

Chanjo nipite haraka. Kifaduro kuanzia wiki ya 16, mafua makali msimu ukifika, na tangu Septemba 2024 kuna ya virusi vya RSV kuanzia wiki ya 28. Kinga inamfikia mtoto akiwa bado tumboni, huo ndio ujanja wake. Na ile ya kunywa sukari ukapimwa, kati ya wiki ya 24 na 28, usiikose. Watu wenye asili ya Afrika tunapata kisukari cha mimba zaidi. Ukiambiwa unacho, ugali na wali hukatazwi, unapunguziwa.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Ripoti ya MBRRACE-UK ya mwaka 2019 ilionyesha wanawake weusi Uingereza wanakufa kwa sababu za uzazi mara 5 kuliko wazungu. Miaka ya karibuni pengo limepungua, lakini bado ni zaidi ya mara mbili. Sababu ziko nyingi, nyingine za maradhi, nyingine za kutosikilizwa. Na sisi tulivyolelewa, hatupendi kumsumbua daktari. Unaulizwa "hujambo?" unajibu "sijambo" huku unaungua na homa! Kwa mkunga usijibu hivyo. Kichwa kuuma sana bila kuacha, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, kutoka damu, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma: piga simu wodi ya wazazi SAA ILEILE. Namba iko kwenye kadi yako ya kliniki au kwenye programu ya simu waliyokupa. Usipojibiwa vizuri, piga tena useme, "Sijaridhika, naomba nionwe leo."

Na mtoto akipungua kucheza usisubiri asubuhi. Wengi husikia mtoto kati ya wiki ya 16 na 24. Ukifika 24 hujasikia kitu, sema. Bibi zetu walisema mwisho wa mimba mtoto anatulia kwa vile nafasi imekwisha. Si kweli. Anacheza mpaka siku ya kuzaliwa. Usinywe maji baridi ukangoja, wala usitegemee kile kifaa cha kusikiliza moyo kinachouzwa mitandaoni, unaweza kusikia mapigo yako mwenyewe ukadhani ni ya mtoto. Wakikuangalia ukakutwa mzima, hujamsumbua mtu. Mimi ningependa nikupime usiku kumi bure kuliko kukukosa usiku mmoja.

Haya, mtoto kazaliwa, hongera! Muweke kifuani ngozi kwa ngozi, ndani ya saa ya kwanza atatafuta titi. Yale maziwa ya kwanza ya njano, dang'a, wapo wazee wanaosema ni machafu yakamuliwe. Usikamue hata tone. Ni machache kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo, na yamejaa kinga. Maziwa mengi yanaingia siku ya pili mpaka ya nne. Katikati hapo mtoto anataka kunyonya kila mara na wewe unajiona huna maziwa, na ndiyo siku shangazi anasema "mpe kopo huyo, anakufa njaa". Kunyonya kwenyewe ndiko kunakoleta maziwa. Mara 8 mpaka 12 kwa siku ni kawaida, usiku ukiwemo. Ukitaka kujua anashiba angalia nepi. Kuanzia siku ya tano hivi ziwe angalau sita nzito zilizolowa kwa siku, na choo cha njano laini. Chuchu zikiuma mpaka unalia, basi hajashika titi vizuri, mwite mkunga amtazame ananyonya. Kuna simu ya msaada wa kunyonyesha ya taifa, 0300 100 0212, saa zote.

Miezi sita ya kwanza hahitaji maji, wala ya sukari, wala ya zamzam kwa chupa nzima, wala gripe water. Mama yangu mzazi alipokuja kunilea alitoa chupa ya gripe water mkobani kabla hata hajavua koti. Nikamwambia, "Mama, shikamoo tena, lakini hii hapana." Alininunia siku mbili. Cha kuchekesha ni kwamba dawa yenyewe ilianzia Nottingham, mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na pombe ndani, ndiyo maana watoto walilala! Asali nayo marufuku mpaka atimize mwaka, inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mpaka kupumua kunashindikana. Wanaofanya tahniki watumie tende iliyolainishwa, tone tu, kwa kidole kilichooshwa, waache asali. Wanja wa machoni pia uacheni, mwingine una risasi. Anayenyonya titi mpe matone ya vitamini D kila siku tangu kuzaliwa, mikrogramu 8.5 hadi 10. Anayekunywa kopo zaidi ya mililita 500 kwa siku hayahitaji.

Mama mwenye virusi vya Ukimwi ana jambo la kujua peke yake. Kwetu anaambiwa anyonyeshe huku anameza dawa. Huku ushauri wa kwanza ni maziwa ya kopo, kwa sababu maji ni safi na maziwa yanapatikana, hivyo hatari inaondoka kabisa. Lakini ikiwa unameza dawa vizuri, virusi havionekani kwenye kipimo, na moyo wako unataka kunyonyesha, waambie madaktari wako kabla ya kujifungua. Siku hizi wanamsaidia mama kufanya hivyo, kwa kupima damu yake na ya mtoto kila mwezi. Usifanye kwa siri. Na sisi wengine tuache kumhoji mtu sebuleni mbele za watu, "mbona hunyonyeshi?" Hujui anabeba nini.

Wa kopo basi fanyeni hivi. Chemsha maji mapya, yaache kwenye birika yasizidi nusu saa, yawe bado ya moto wa nyuzi 70, maana unga wenyewe una vijidudu vinavyohitaji kuuawa. Maji kwanza, unga baadaye, kijiko kilichopigwa usawa. Usipunguze unga ili kopo lidumu, mtoto ananyong'onyea. Poza kwa maji ya bomba, jaribu tone kwenye mkono. Yaliyobaki kwenye chupa baada ya kunyonya mwaga. Kopo la bei rahisi na la bei ghali yote sheria inayabana yawe na lishe inayotakiwa, usijifilisi kwa jina. Namba moja linatosha mpaka mwaka, hilo la namba mbili ni biashara tu.

Angalieni manjano. Kwa mtoto mweusi hutaiona kwenye ngozi. Tazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Ikitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au mtoto amelegea na hanyonyi, ni ya kukimbia hospitali. Siku ya tano watamtoboa kisigino, humo selimundu nayo inapimwa. Na BCG, msishangae mtoto kutoka hospitali bila kovu begani. Huku hawampi kila mtoto, ila wetu wengi wanastahili kwa sababu wazazi au babu na bibi walizaliwa nchi zenye kifua kikuu kingi, na tangu 2021 inachomwa akiwa na siku 28 hivi. Barua isipokuja, uliza.

Akifika kama miezi sita, anakaa mwenyewe na anashika vitu, mwanzishie chakula. Uji wa ulezi ni mzuri lakini peke yake hautoshi, chuma chake ni kidogo. Mpe na maharage yaliyopondwa, yai, nyama ya kusaga, samaki asiye na miba, ndizi, parachichi. Karanga za kusaga laini tia kwenye uji tangu miezi sita hiyo, ila karanga nzima mpaka miaka mitano, atapaliwa. Sukari na chumvi usitie, hata kama wewe unaona hauna ladha. Chai usimpe.

Mwisho ni mama mwenyewe. Kwetu kuna arobaini, mama analala, anakandwa, anapikiwa. Huku mume anarudi kazini baada ya wiki mbili, ni Januari, saa kumi jioni giza. Kulia siku za mwanzo ni kawaida. Ikizidi wiki mbili, huli, hulali hata mtoto akilala, au unawaza kujidhuru, mwambie GP au yule nesi anayekuja nyumbani, health visitor. Hawakunyang'anyi mtoto kwa kuwa umesema una huzuni. Ukihisi unaweza kujidhuru au kumdhuru mtoto, piga 999.

Na ninyi wageni, mwenye mafua au kidonda mdomoni asimbusu mtoto, kidonda kile kinaua mtoto mchanga. Nawa mikono, usikae saa nne, vyombo vilivyomo kwenye sinki vioshe, na supu ya kuku iache jikoni.